Mstari wa Chokaa Sebuleni kwa Sharon

Mstari bado upo. Nimeulizwa wiki nzima, sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya kivuko, kama chokaa ile imefutwa. Haijafutwa. Imeanzia mlangoni kwa Sharon, ikakata kochi jipya katikati, ikapanda ukuta na kuingia vyumbani. Na Sharon yuko palepale tulipomwacha, kizingitini, mfuko wa nyanya mkononi, anamtazama jirani yake akimchorea nyumba.

"Shikamoo mama," alisema.

Ndiyo, aliamkia. Mtoto wa Oyugi wa Shirati amelelewa. Hata ukimwibia, atakuamkia kwanza ndipo akuulize.

"Marahaba mwanangu," akajibu Mama Odeta, kopo la chokaa mkononi. "Pita tu. Upande huo bado ni wako."

Pembeni alisimama mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mhoja, akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Mwenyekiti, hii ni nini?"

"Ni mpaka, mama. Mwenzako alileta malalamiko, tukaja kupima."

"Mpaka unapita juu ya kochi langu?"

"Mpaka hauangalii kochi."

Kwa nyie mliochelewa kujiunga nasi, sikilizeni haraka, nafasi hapa gazetini ni finyu. Sharon anauza kwenye duka la dawa Mirongo, mjini. Mumewe Pius, Msukuma mpole, ni fundi wa injini za mitumbwi. Walipanga Mirongo miaka na miaka, chumba na sebule, choo cha kuchangia na watu wasiojua kumwaga maji. Mwaka jana Sharon alipovunja kikoba na wenzake, wakagawana akiba, akasema basi, nahamia kwangu.

Pius akasema Buswelu. Kule viwanja vimepimwa, ardhi ni tambarare, lori linafika mlangoni. Sharon akasema Buswelu ni porini, atakuwa anafika kazini na vumbi hadi kwenye kope. Yeye alitaka mlimani, huku Ilemela, mahali ambapo mtu akifungua dirisha anaona ziwa. Hela ilikuwa yake, kwa hiyo Pius akanyamaza. Wakanunua pagale la Mzee Shimba, kuta tupu bila bati wala sakafu.

Bei ilikuwa nzuri. Mlimani bei huwa nzuri, na ukishanunua ndipo unaelewa kwa nini. Kila kitu kinapanda juu ya vichwa vya watu: mchanga, simenti, mabati, mpaka maji ya kuloweka maharage. Na kila kichwa kinataka chake. Sharon alikuwa amepanga bajeti ya nyumba, hakupanga bajeti ya mlima. Alipofika kwenye milango fungu lilikuwa limekatika, na kilichobaki kilikuwa kile alichomtengea mpima ardhi.

Mpima au marumaru? Nyie mnaotafuta nyumba ya kwanza, jibuni kimoyomoyo, mimi sitawasikia. Sharon alichagua marumaru. Nyeupe, za maua ya kijivu, na sheria juu: hakuna mtu kuingia na viatu. Kitu cheupe juu ya kitu cheupe hakionekani vizuri, ndiyo maana Mama Odeta ilibidi apake chokaa yake mara mbili.

"Jiko liko kwangu," Mama Odeta alisema sasa, akihesabu kwa kidole chenye unga. "Choo kiko kwangu. Na chumba cha watoto."

Watoto wenyewe hawakuwepo kuyaona mambo haya. Shule zilifunga jana, na alfajiri Pius aliwapandisha basi la kwenda Shirati kwa bibi yao, na begi kubwa ambalo Sharon alilicheka. Likizo fupi, mnabeba mpaka masweta?

"Nyumba hii niliinunua," Sharon alisema. "Mwenyekiti, ulikuwepo. Uliweka mhuri, ukachukua na hela ya kalamu."

Mzee Mhoja hakupenda kukumbushwa ya kalamu. Akakunjua nakala ya mkataba.

"Mlivyoandika ni hivi. 'Kuanzia jiwe kubwa lililoko juu, hadi mnyaa ulioko chini.' Mnyaa ni ule mti pale, hakuna anayebisha. Na jiwe kubwa ni lile."

Akaonyesha jiwe lililokaa mbele ya mlango, lile ambalo Sharon huanikia nguo.

Sharon akacheka. "Mzee wangu, si hilo. Jiwe kubwa lilikuwa nyuma ya jiko. Lilikuwa kubwa kuliko lori la Fuso. Mzee Shimba alilipiga kofi mbele yako akasema, mpaka ni huu."

"Nakumbuka," alisema Mzee Mhoja. "Twende ukanionyeshe."

Wakazunguka nyuma. Hapo ndipo Sharon alipoanza kuelewa, maana miguu yake ilipunguza mwendo kabla ya yeye mwenyewe.

Nyuma ya jiko palikuwa na shimo. Udongo mweusi wa masizi ya matairi, vipande vidogo vya mawe ambavyo hata kuku hawavitaki, na baada ya hapo hewa tupu. Na ziwa, bluu na pana, linaonekana lote.

"Jiwe liko wapi?" akauliza Mzee Mhoja.

Mama Odeta akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi anayejua jibu. "Nililipasua mimi. Ndiyo kazi yangu, napasua kokoto mlima huu tangu huyu hajazaliwa."

"Nani alikuruhusu?"

"Mwenye dirisha."

Mnakumbuka? Mimi nakumbuka, maana niliwaandikia. Dirisha la jiko lilikuwa linatazama jiwe. Sharon akalalamika wiki nzima: nimenunua ziwa, naona jiwe. Na Mama Odeta, jirani mwema, akasema nikuondolee, mwanangu? Bure. Nitawasha matairi juu yake, likipata moto nalimwagia maji, likipasuka nalimaliza kwa nyundo. Sharon akashukuru karibu apige magoti. Kila asubuhi, akipita kukagua ujenzi kabla ya kwenda kazini, alimpelekea chai pale chini ya turubai lake la kupasulia mawe. Alimpikia chai mtu aliyekuwa anamvunjia mpaka, na akaongeza sukari.

Kuna msomaji aliniandikia kwamba Mama Odeta ana roho nzuri, kwamba namwonea. Haya, njoo umtetee sasa.

"Na kokoto?" aliuliza Mzee Mhoja. "Jiwe la namna ile linatoa mzigo mkubwa. Zilikwenda wapi?"

Mama Odeta hakujibu kwa mdomo. Alielekeza kidevu kwenye mlango wa nyuma, kwenye sakafu inayong'aa.

Sharon akashika fremu ya mlango. Alikuwa amezinunua mwenyewe. Alizinunua zote, kwa furaha, kwa sababu kokoto za Mama Odeta zilikuwa hatua chache kutoka mlangoni na hazikuhitaji vichwa vya kuzipandisha. Aliwasimulia hadi wenzake dukani jinsi alivyookoa hela. Jiwe lake la mpaka lilikuwa ndani ya zege la sakafu, limesagwa, limefunikwa marumaru, na alikuwa amelikanyaga tangu siku aliyohamia.

Akatoa simu, akampigia Mzee Shimba.

"Shikamoo mzee. Ni Sharon, wa nyumba ya mlimani. Wanasema jiwe la mpaka ni la mbele, si la nyuma."

"Marahaba. La nyuma si lipo? Waonyeshe."

"Lilipasuliwa."

"Na nani?"

"Tulielewana na jirani."

"Mwanangu," Mzee Shimba alisema, na alisema taratibu, bila hasira hata kidogo, "mimi nilikuuzia nyumba na jiwe lake. Ukinunua sahani ukaivunja, unamrudia mwenye duka?"

Akakata.

"Amekuambiaje?" aliuliza Mama Odeta.

Sharon akamgeukia. "Mama, nimekukosea nini? Nilikuwa nakuita mama. Nilikuwa nakuletea chai."

"Uliniletea," alikubali Mama Odeta. "Kwenye kikombe cha plastiki, kile cha kuogeshea watoto. Wageni wako walikuwa wanakunywa kwenye vya udongo, mimi nawaona kwa dirisha. Dirisha lile linaonyesha pande zote mbili, hukujua?"

"Kikombe? Unaninyang'anya nyumba kwa ajili ya kikombe?"

"Na siku ya sherehe yako ya kuhamia, ulimwambia yule rafiki yako Precious kwamba nyundo yangu inakuumiza kichwa, na kwamba watu kama sisi ndio tunaoshusha hadhi ya mtaa. Ulisema hivyo ukiwa umesimama juu ya kokoto zangu. Nilikuwa mlangoni nimeleta kuku."

Sharon alikuwa ameyasema kweli. Na yule kuku alikuwa amemla.

"Mimi si mtu mbaya," Mama Odeta akaendelea. "Sivunji nyumba ya mtu. Utapanga. Kila mwezi utaniletea kodi ya jiko, ya choo na ya chumba cha watoto. Choo nitakupunguzia. Si mlikuwa mnapanga kule Mirongo? Mmeshazoea."

Ndipo Pius akafika. Sharon alikuwa amemtumia ujumbe tangu alipokuwa mlangoni, na alipomwona anapanda kile kijia na mafuta ya injini hadi viwikoni, moyo wake ulitulia. Pius ni mpole, lakini si mjinga. Mtu anayeweza kubishania bei ya samaki sato hadi muuzaji alie, leo ni siku yake.

Pius akaamkia wazee. Akavua viatu kizingitini, maana sheria ni sheria. Akaingia, akautazama mstari toka mwanzo hadi mwisho.

"Sawa," alisema.

"Sawa nini?" Sharon aliuliza.

"Tutalipa hiyo kodi."

Hata Mama Odeta alishtuka. Alikuwa amekuja na maneno ya kutosha hadi jioni, na sasa hakuna wa kumpa.

"Pius. Hii ni nyumba yetu."

"Ni nyumba yako. Nilikwambia Buswelu." Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali Sharon angejua la kumjibu. Alisema kama mtu aliyechoka, halafu akakaa kwenye kochi, upande wa Sharon wa mstari, akaanza kujifuta mafuta mikononi.

Sasa sikilizeni. Nimemwandika huyu dada kwa wiki nyingi na nimemcheka sana, sikatai. Lakini pale nilimhurumia. Mtu anaweza kuvumilia jirani, anaweza kuvumilia mwenyekiti. Kinachomaliza ni yule uliyemngoja akifika na kusema sawa.

Sharon akatoka nje. Aliporudi alikuwa na nyundo ya Mama Odeta, ile nzito ya kupasulia mawe, ameikokota kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hiyo si ya kuchezea," alisema Mama Odeta.

"Upande huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Sawa. Chukua upande wako. Lakini kokoto nilizilipia, nazichukua. Unataka jiwe la mpaka, mwenyekiti? Ngoja nikutolee."

Nyundo ikashuka. Marumaru ya kwanza ikapasuka pale katikati ya sebule, juu ya ua la kijivu. Akapiga ya pili. Mzee Mhoja akaruka kando. Mama Odeta akaanza kucheka, kicheko cha kweli, cha mtu anayeona kazi yake ikifanywa vibaya na mwingine.

"Piga, piga," alisema. "Utachoka. Mimi nilichukua miezi."

Sharon alipiga. Alivunja sebule kufuata mstari, akaingia koridoni, vipande vinaruka hadi ukutani. Pius hakuinua macho. Aliendelea kujifuta kidole kimoja kimoja. Marumaru zilizokula hela ya mpima zinasagika mbele yake, na yeye anashughulika na kucha.

Sharon akaingia chumba cha watoto. Akakishika kitanda cha kona, akakivuta.

"Hapo usiguse."

Pius alikuwa amesimama mlangoni. Sura yake ilikuwa imebadilika.

Sharon alikuwa anahema. "Umesemaje?"

"Weka nyundo chini. Inatosha. Njoo tuongee."

"Nimevunja sebule nzima hujanitazama. Kona hii ina nini?"

"Haina kitu. Zege la hapo ni jembamba, utaharibu msingi."

"Unajuaje kwamba ni jembamba?"

Pius hakujibu. Kosa lake lilikuwa hilo, msomaji. Angesema lolote, hata uongo wa kitoto, labda angemwahi. Sharon alimtazama mumewe kwa muda, kisha akapiga.

Zege lilikuwa jembamba kweli. Lilipasuka kwa pigo moja, na nyundo ikalia juu ya chuma.

Wote wakasikia. Mzee Mhoja akasogea, akapiga magoti yake mabovu, akaondoa vipande kwa mkono. Chini yake kulikuwa na nguzo fupi ya simenti ya zamani, simenti iliyozeeka kuliko nyumba yenyewe, na katikati yake chuma chenye namba.

"Bikoni," alisema. "Alama ya wapima ardhi."

"Bikoni gani?" Mama Odeta aliuliza. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Huku hakujapimwa. Kila mtu anajua huku hakujapimwa."

"Bikoni haioti yenyewe, mama. Kama ipo, palipimwa. Na palipopimwa pana mwenyewe."

Sharon hakumtazama mwenyekiti. Alikuwa anamtazama Pius.

"Ulijua."

"Niliikuta nilipokuwa nasawazisha kifusi. Wewe ulikuwa kazini."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwaga zege."

Alisema hivyo tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshalipa. Ulikuwa umeshawaaga watu wa Mirongo, ukamwambia mwenye nyumba abaki na choo chake. Ningekwambia nini? Ungesema naona wivu kwa sababu hela ni yako." Akakwangua mafuta kwenye ukucha. "Na nitasema ukweli leo. Nilitaka siku moja ujionee mwenyewe nani kati yetu alikuwa anasema sahihi. Kila ulipowaambia wageni kwamba mume wako alitaka kukupeleka porini, nilikuwa naikumbuka hiyo kona, roho yangu inatulia."

Sharon alikaa sakafuni, kwenye vumbi. Watoto wake walikuwa wamelala juu ya hicho chuma, na baba yao alikuwa anakuja kila usiku kuwafunika shuka, huku anajua.

"Na kwangu?" Mama Odeta aliuliza kwa sauti ndogo. "Pius, mwanangu, hiyo bikoni inafika kwangu?"

"Viwanja vyote vinavyokutana hapa ni vya mtu mmoja. Kuanzia barabarani, hadi huko kwako, hadi mnyaa."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe. Alikuja mwezi uliopita na ramani yake."

Sharon akainuka polepole. Akaliokota kopo la chokaa pale lilipokuwa limeachwa, akaenda hadi kwa Mama Odeta, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyomkabidhi mkubwa kitu.

"Haya mama. Nenda ukachore na kwako."

Mama Odeta alilipokea. Sijui kwa nini alilipokea. Akakaa kwenye kitanda cha watoto na kopo lake mapajani, mikono iliyopasua mawe maisha yake yote ikatulia juu ya mfuniko. Sharon alimtazama akiteremka hivyo, na nawaambia bila kuficha, alifurahi. Ilikuwa furaha fupi, lakini aliipata.

"Huyo mtu," Mzee Mhoja aliuliza, na tayari alikuwa anarudi nyuma kuelekea mlangoni, mtu aliyekumbuka mhuri wake uko kwenye mkataba gani. "Alisema anataka nini?"

"Anataka pawe wazi, ajenge."

"Lini?"

"Alitaka siku ileile. Nilimwomba. Nikamwambia tuna watoto, watahangaika, wana mitihani." Pius alikuwa anaangalia zile kucha zake. "Akasema sawa, atasubiri shule zifunge. Ni mtu muungwana."

Sharon akageuza kichwa, akatazama ukutani, pale kwenye misumari ya nguo za watoto. Hakukuwa na masweta, wala sare za shule. Hata ile picha ya ubatizo ya mdogo haikuwepo. Akalikumbuka begi, lile kubwa, alilolicheka alfajiri.

"Pius. Shule zimefunga jana."

"Najua."

Chini, pale barabara inapokomea na mlima kuanza, gari kubwa lilipiga honi. Likanyamaza, likapiga tena, na sauti za wanaume zikaanza kupanda kijia.

Pius akatoka hadi kizingitini. Akaokota viatu vyake, akarudi navyo sebuleni, akakaa kwenye kochi, akavivaa mle mle ndani, juu ya marumaru.